Mshahara wa Mwamuzi



Mzee mmoja wa kanisa alinijia baada ya mkutano, akaniuliza swali ambalo sikuwa na jibu lake papo hapo. Alisema, “Mchungaji, mwamuzi huchaguliwa kwa kuwa ni mtu mwadilifu. Ikiwa ni mwadilifu kweli, atahukumu kwa haki ijapokuwa apewa kidogo. Ikiwa si mwadilifu, hata ukimjazia ghala atapokea rushwa vilevile. Basi, ya nini serikali kuandika katika sheria kwamba mshahara wake ni kiasi hiki, tena usipunguzwe? Mbona mshahara wa mwalimu wa shule haukulindwa hivyo?” Nilicheka, maana mzee huyu mwenyewe alifundisha watoto miaka mingi. Lakini swali lake si la kuchekwa. Nilikwenda nalo nyumbani, nikalifikiri, nikasoma habari za nchi ya Marekani, kwa sababu huko jambo hili limebishaniwa tangu zamani, na kila jimbo lina waamuzi wake na sheria yake ya kuwalipa. Haya ninayoandika ndiyo niliyoyapata.

Kwanza nayatazama maneno ya mzee. Yeye amewagawanya watu mafungu mawili: mwadilifu asiyeweza kuharibika, na mwovu asiyeweza kutengenezeka. Watu wa namna hizo mimi nimewaona wachache. Wengi tulio duniani ni wa fungu la tatu: watu wapendao haki, nao wana wake na watoto, na deni dukani, na paa linalovuja. Mtu wa namna hiyo hauzi hukumu. Ukimletea fedha mkononi atakufukuza. Lakini akijua ya kuwa chakula cha nyumba yake cha mwezi ujao kimo katika mkono wa mmoja wa wale wawili wasimamao mbele yake, ataanza kuona kwamba mtu yule asema kwa busara kuliko mwenzake, wala yeye mwenyewe hatatambua kwamba ameanza kuona hivyo. Torati ilipowakataza waamuzi wasipokee zawadi, ilitaja upofu. Nadhani sababu ni hii, kwamba mwizi ajua ameiba, bali kipofu hajui ni nini asichokiona.

Tena kuna mtu wa pili ambaye mzee wangu hakumtaja, naye ni yule aliyeleta shauri lake. Mjane aliyenyang'anywa shamba haitoshi kwake kwamba mwamuzi ni mwema moyoni. Yeye hauoni moyo. Aona tu ni nani anayemlisha mwamuzi. Akiona ya kuwa anayemlisha ndiye yule aliyemnyang'anya, atarudi nyumbani bila kusema neno, na shauri lake litakufa kabla halijasikilizwa.

Kwetu jambo hili si geni. Zamani, katika makabila mengi, wazee walioamua shauri walikula mbuzi wa shauri, na pombe ililetwa, na aliyeshindwa ndiye aliyetoa. Desturi hiyo ilikuwa na wema wake, maana watu walikula pamoja na ugomvi ukaisha. Walakini sote twajua mithali isemayo kwamba mkono mtupu haulambwi, na aliyeitunga nadhani alikwisha kukaa barazani akangoja zamu yake. Mwenye ng'ombe wengi alisikilizwa mapema. Katika Tanganyika, miaka ya 1920, zamani za Gavana Donald Cameron, watawala wa kienyeji ambao pia walikuwa wakihukumu walianza kupewa mshahara uliowekwa, kutoka katika hazina za wenyeji, badala ya kujilipa kwa ada na kazi za watu wao. Watawala wengine waliona wamepunguziwa heshima, kwa kuwa mtu alipwaye mshahara ni mtumishi wa mwingine.

Lakini mtu asidhani kwamba haya ni mambo ya nchi zisizo na sheria zilizoandikwa. Nitasimulia habari ya jimbo la Ohio, maana huko malipo ya mwamuzi yaliwekwa kwa sheria hasa, tena sheria iliyopitishwa na kutiwa sahihi kama zote.

Karibu na mji wa Cincinnati kuna mji mdogo uitwao North College Hill. Katika miaka ile pombe ilikuwa imekatazwa katika Marekani yote. Sheria ya Ohio ilimpa mkuu wa mji mdogo ruhusa ya kuwahukumu walioshikwa na pombe, peke yake, pasipo wale watu 12 waapishwao kusikiliza shauri. Faini ziligawanywa: nusu ilikwenda kwa jimbo, nusu ilibaki katika mji. Mkuu naye, juu ya mshahara wake wa kawaida, alipata gharama za shauri. Lakini hapa ndipo palipo na mtego: gharama hizo alizipata ikiwa mshitakiwa ameonekana na hatia. Akimwachilia, hapati kitu. Tangu Mei hata mwisho wa Desemba mwaka 1923, mkuu yule alijipatia kwa njia hii karibu dola 700.

Akaletwa mbele yake mtu aitwaye Tumey, aliyeshitakiwa kuwa na pombe. Tumey alimwomba mkuu ajitoe katika shauri, kwa maana ana faida ndani yake. Mkuu akakataa, akamhukumu alipe dola 100, na kukaa kifungoni hata atakapozilipa. Katika shauri hilo mkuu alipata dola 12.

Sasa, ndugu, dola 12 si mali ya kumtajirisha mtu. Upande wa serikali ulijitetea hivyo hivyo: kwamba kiasi ni kidogo mno, hakiwezi kuupotosha moyo wa mtu mzima. Shauri lilipanda hata Mahakama Kuu ya nchi yote, na mwaka 1927 hukumu ikatolewa na Jaji Mkuu William Howard Taft, ambaye zamani alikuwa Rais wa Marekani, naye mwenyewe alizaliwa Cincinnati. Waamuzi wote walikuwa wa neno moja. Tumey hakuhukumiwa kwa haki. Nami napenda kuwaonyesha jinsi walivyofikiri. Hawakumchunguza mkuu wa North College Hill kama ni mwovu au mwema. Huenda alikuwa mtu mwema sana. Waliuliza kama mpango wenyewe unamtia mtu wa kawaida katika jaribu la kusahau mzigo wa kuthibitisha hatia. Tena walisema, hata kama mkuu asingepata senti moja kwa ajili yake mwenyewe, bado alikuwa na kazi ya kujaza hazina ya mji wake, na hazina ilijaa kwa faini.

Jibu la kwanza kwa mzee wangu limo hapa. Aliuliza juu ya moyo wa mwamuzi. Sheria njema haiulizi habari za moyo, kwa kuwa haiwezi kuupima. Yauliza fedha zatoka wapi. Wala haitoshi kusema kwamba malipo “yamewekwa kwa sheria”. Yale ya Ohio yaliwekwa kwa sheria.

Haya, fedha zisitoke kwa anayehukumiwa. Zitoke kwa nani basi? Hapo watu wengi hujibu upesi: kwa serikali. Lakini serikali ni nani? Hapa nitawarudisha nyuma sana, mpaka Massachusetts, ilipokuwa bado koloni ya Uingereza.

Mpaka mwaka 1772 waamuzi wa mahakama kubwa ya koloni hiyo walilipwa na wajumbe wa watu. Wajumbe waliupigia kura mshahara mwaka kwa mwaka, nao hawakuwa wakarimu. Mwaka ule habari ikaenea kwamba mfalme ataka kuwalipa waamuzi mwenyewe, kutoka katika fedha za forodha. Jaji Mkuu apate pauni 400 kwa mwaka. Ungedhani watu wangefurahi, maana mzigo umeondolewa mabegani mwao. Walikasirika sana. Katika Uingereza yenyewe, kwa sheria ya mwaka 1701, mwamuzi hakuweza kuondolewa kwa matakwa ya mfalme tu. Lakini katika makoloni kinga hiyo haikuwapo. Basi watu wa Massachusetts waliona hivi: mfalme aweza kumfukuza mwamuzi, na sasa atamlisha pia, nasi tukiwa na shauri na watu wa mfalme, nani atatusikia?

Waamuzi walikuwa watano. Mwanzo wa mwaka 1774 wajumbe waliwataka waseme wazi watapokea kwa nani. Wanne walisema watapokea kwa wajumbe na kukataa fedha za mfalme. Wa tano, Jaji Mkuu Peter Oliver, alikataa kuapa hivyo. Alijibu kwamba amekaa katika kiti cha uamuzi miaka 17, na mshahara wa wajumbe haukumtosha kamwe, hata amepoteza mali yake mwenyewe kwa kuwatumikia.

Kwa kweli mimi namhurumia Oliver. Maneno yake hayakuwa uongo. Wajumbe waliompigia kelele kwamba ameuzwa kwa mfalme ndio hao hao waliomnyima. Nao walitaka nini? Hawakutaka mwamuzi asifungwe kamba. Walitaka kamba iwe mkononi mwao wenyewe, na kila mwaka waivute kidogo kumkumbusha. Walimshitaki Oliver mbele ya Gavana ili aondolewe, na Gavana Thomas Hutchinson akakataa kulisikiliza shauri hilo. Ndipo watu walioitwa kuapishwa mahakamani wakakataa kuapa mbele ya Jaji huyo. Ndugu yake alipofariki mwezi wa Machi mwaka ule, Oliver hakuthubutu kwenda kumzika kwa kuogopa watu. Miaka miwili baadaye akatoka Boston pamoja na jeshi la Waingereza, asirudi tena.

Mwaka 1776 makoloni yalipotangaza uhuru, moja ya mashitaka yao juu ya mfalme lilikuwa hili, kwamba amewafanya waamuzi wamtegemee yeye peke yake kwa kazi zao na kwa mishahara yao. Hayo ni rahisi kuyasema juu ya mfalme aliye ng'ambo ya bahari. Jambo gumu ni kuyasema juu ya nafsi yako. Mwaka 1780 watu wa Massachusetts walipoandika katiba yao, na mwandishi wake mkubwa alikuwa John Adams, ambaye mwenyewe alikuwa ametoa shauri la kumshitaki Oliver, hawakurudisha ile desturi ya kura ya kila mwaka. Waliandika kwamba waamuzi wa mahakama kubwa wakae katika kazi maadamu wana mwenendo mwema, na wawe na mshahara wa heshima uliowekwa kwa sheria zinazodumu. Yaani wajumbe walijinyang'anya kamba wenyewe. Sijui mambo mengi katika historia ya serikali yanayonipendeza kama hilo.

Mmoja wa wale wanne waliokataa fedha za mfalme aliitwa William Cushing. Baada ya vita yeye ndiye aliyekuwa Jaji Mkuu wa Massachusetts, chini ya katiba ile. Mwaka 1783 lilikuja mbele yake shauri la mtu aliyempiga Quock Walker, mtu mweusi ambaye yule mpigaji alisema ni mtumwa wake. Cushing aliwaambia wale walioapishwa kwamba utumwa hauwezi kukaa pamoja na katiba ya nchi, iliyosema watu wote wamezaliwa huru na sawa. Mpigaji akatozwa shilingi 40. Sisemi kwamba mshahara uliowekwa kwa sheria ndio uliomtia Cushing maneno hayo kinywani. Sitaki kuuza mbuzi kwa bei ya ng'ombe. Nasema tu kwamba neno lile liliwagusa matajiri wengi, na mtu aliyelisema hakuwa na haja ya kwenda kwao mwakani kuomba posho.

Katiba ya Marekani yote, iliyoandikwa mwaka 1787, ilifuata njia hiyo, ikisema ujira wa waamuzi wa shirikisho usipunguzwe wakiwa kazini. Na majimbo mengi yakaweka namna yao ya sharti hilo. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 nayo ina sharti kama hilo kwa majaji wake. Angalieni kwamba walikataza kupunguza, hawakukataza kuongeza. Walijua kwamba fedha haikai na nguvu zile zile. Pauni ya baba si pauni ya mwana. Lakini kuruhusu kuongeza si sawa na kuamuru kuongeza, na katika nafasi hiyo ndogo ndimo shida ya siku zetu ilimozaliwa.

Jimbo la New York liliweka mwaka 1999 mshahara wa waamuzi wa mahakama yake iitwayo Kuu kuwa dola 136,700 kwa mwaka. (Huko majina yamegeuka: mahakama iitwayo Kuu ndiyo ya kwanza kusikiliza mashauri makubwa, na iliyo juu ya zote yaitwa Mahakama ya Rufani. Msomaji asichanganyikiwe kama nilivyochanganyikiwa mimi.) Mshahara huo haukupunguzwa hata senti. Ulisimama pale pale mwaka wa 2000, na 2005, na 2010. Bei za vitu hazikusimama. Ilipofika mwaka 2007, kijana aliyetoka kusoma sheria na kuingia katika ofisi kubwa za mawakili wa mji wa New York alianza kazi kwa dola 160,000, naye alisimama kuomba mbele ya mwamuzi mwenye mvi apataye pungufu yake.

Wengi hutumia hoja hii ya kijana na mzee. Mimi hainivuti sana. Dola 136,700 ni nyingi. Nyumba ya kawaida katika nchi ile haikupata nusu yake. Kama mwamuzi ana haki ya kulipwa kama wakili, mwalimu naye atasema ana haki ya kulipwa kama mfanya biashara, na muuguzi kama mwenye duka la dawa, na hatutafika mwisho. Mtu aliyechagua kazi ya heshima amechagua pia kutokuwa tajiri. Ninapomfikiri mama auzaye ndizi sokoni aingiaye mahakamani kwa ajili ya kodi ya kibanda, siwezi kumlilia mwamuzi kwa sababu ya kiasi.

Lakini tatizo la New York halikuwa kiasi. Wajumbe wa Baraza la Kutunga Sheria nao walikuwa wamekaa na mshahara ule ule, dola 79,500, tangu mwaka 1999. Walitaka wao pia kuongezewa, nao waliogopa wapiga kura. Hata hivyo wengi wao walikiri kwa vinywa vyao kwamba waamuzi wastahili nyongeza. Ila waliifunga nyongeza ya waamuzi pamoja na yao wenyewe, na pamoja na mambo mengine waliyobishania na Gavana, kama mtu anayeshika mbuzi wa jirani mpaka jirani amsaidie katika ugomvi na mtu wa tatu. Kila mwaka neno likazungumzwa, kila mwaka likaanguka. Hapo kamba ya Massachusetts imerudi, ingawa sasa haivutwi. Imeachwa tu mpaka mtu achoke.

Mwaka 2008 Jaji Mkuu wa jimbo hilo, mama Judith Kaye, aliwashitaki Gavana na wajumbe. Waamuzi wengine walikuwa wamekwisha kushitaki pia. Mwezi wa Februari 2010 Mahakama ya Rufani ikatoa hukumu. Haikusema kwamba kupanda kwa bei ni kupunguza mshahara. Sharti la kutopunguza, ilisema, halikuvunjwa. Ilisema kosa ni jingine: kuyafunga malipo ya waamuzi pamoja na mambo yasiyowahusu ni kuiweka mahakama chini ya wajumbe, nayo katiba imeyatenga. Wajumbe walitakiwa kuliangalia jambo la waamuzi kwa lenyewe, lisimame kwa miguu yake. Mahakama haikuamuru kiasi cha fedha. Mwisho wa mwaka ule sheria ikapitishwa, ya kuweka tume ya watu saba: watatu wa Gavana, wawili wa Jaji Mkuu, na mmoja mmoja wa viongozi wa mabaraza mawili. Tume ikitoa neno lake juu ya mishahara, neno hilo huwa sheria, ila wajumbe wakilikataa kwa sheria nyingine. Ndipo mshahara ukapanda Aprili 2012 kuwa dola 160,000, kisha 167,000 mwaka 2013, kisha 174,000 mwaka 2014.

Mzee wangu, nilipomweleza hayo, alinirukia mara moja. “Nani aliyeamua kwamba waamuzi walikosewa?” Nikasema, waamuzi. Akapiga kofi gotini. “Kesi ya nyani, hakimu ngedere!”

Sikuweza kumkatalia. Hakuna kanuni ya haki iliyo ya zamani kuliko hii, kwamba mtu asiwe mwamuzi katika shauri lake mwenyewe. Ndiyo kanuni iliyomwangusha mkuu wa North College Hill kwa dola 12. Mbona basi waamuzi wa New York waruhusiwe kwa dola elfu nyingi? Jibu la wanasheria ni kwamba hakuna mwingine. Kila mwamuzi katika jimbo ana faida katika shauri hilo. Wakijitoa wote, mshitaki hatakuwa na pa kwenda, na sheria ya mshahara itabaki maneno matupu. Hoja hiyo ya lazima ni ya kale. Katika vitabu vya Uingereza yaonekana tangu mwaka 1430. Naikubali, lakini naikubali kama mtu anavyomeza mwarobaini. Nami naona waamuzi wa New York walifanya jambo moja lililowaokoa: walisema mpango ni mbaya, wasijipimie wenyewe kiasi. Chungu walikirudisha kwa wengine.

Nani atahakikisha kwamba watarudisha chungu kila mara? Pennsylvania inaonyesha jinsi mambo yanavyoweza kuchafuka.

Tarehe 7 Julai 2005, yapata saa nane za usiku, wajumbe wa jimbo hilo walipitisha sheria ya kuongeza mishahara ya waamuzi, ya wakuu wa serikali, na ya wajumbe wenyewe. Hapakuwa na mazungumzo mbele ya watu. Katiba yao inamkataza mjumbe kujiongezea mshahara katika muda wake wa kukaa barazani, hivyo wakajitafutia njia: wakaichukua nyongeza mapema kama fedha za matumizi, zisizotolewa hesabu. Asubuhi watu walipoamka na kusikia, jimbo likawaka. Jaji Mkuu Ralph Cappy aliitetea sheria ile waziwazi kwa ajili ya waamuzi, na kwa hiyo hasira ikawaelekea waamuzi pia.

Wajumbe hawakuwa na uchaguzi mwaka ule. Waamuzi wawili wa mahakama ya juu ya jimbo walikuwa nao. Katika Pennsylvania mwamuzi aliyemaliza muda wake huwekwa mbele ya wapiga kura, nao hujibu ndiyo au siyo, abaki au aondoke; wala tangu desturi hiyo ianze hakuna mwamuzi wa mahakama hiyo aliyekuwa ameambiwa siyo. Mwezi wa Novemba 2005 Sandra Schultz Newman alipona kwa shida. Russell Nigro aliondolewa. Hakuwa ameipigia kura ile sheria, maana hakuwa mjumbe, wala hakuondolewa kwa hukumu fulani aliyoitoa. Watu walitafuta mtu wa kumwonyesha hasira yao, naye ndiye aliyekuwa karibu.

Wiki ile ile na iliyofuata wajumbe walitetemeka, wakaifuta sheria yote; nyongeza zote, na zile za waamuzi pamoja. Lakini katiba ya Pennsylvania yasema mishahara ya waamuzi isipunguzwe, isipokuwa kwa sheria inayowapunguzia watumishi wote wa jimbo wenye mshahara. Shauri likafika katika mahakama ya juu, na mwezi wa Septemba 2006 waamuzi wakasema kwamba nyongeza yao, ikiisha kutolewa, haiwezi kuchukuliwa tena. Zile fedha za matumizi za wajumbe walizikataa. Zao wakazirudisha.

Nimesoma sharti lile mara nyingi, nami naona walilisoma sawasawa. Sheria haikuwa na njia nyingine iliyo wazi. Tena, kama mahakama ingewaruhusu wajumbe kufuta mshahara wa waamuzi kwa sababu watu wamekasirika, mwaka mwingine watu wangekasirika kwa sababu ya hukumu, na njia ingekuwa imekwisha kukanyagwa. Hayo yote nilimwambia mzee. Akasikiliza mpaka mwisho, mikono juu ya fimbo yake.

“Na yule mmoja aliyeondolewa,” akasema, “siku waliporudishiwa wenzake, yeye alikuwa wapi?”

Nikamjibu kwamba kiti chake kilikuwa kimepewa mwingine tangu mwanzo wa mwaka ule. Mzee akatikisa kichwa, akaniuliza tena habari ya mwalimu. Nilimweleza kwamba mwalimu hakai kuamua kati ya watoto na yule anayemlipa, na kwa hiyo sheria haikumwona kuwa katika hatari ile ile. Akasema amenielewa, lakini hakukubali, nasi tuliagana hivyo.